Njugu Mawe za Ada Yako

Mama yangu Kabula,

Kuanzia lambo la ng'ombe mpaka nyumba ya mchungaji, hakuna mwanaume aliyetunza pesa za nyumba yake kama mimi baba yako. Miaka thelathini na moja niko na mama yako, na haijapotea hata sumni.

Umeshacheka? Cheka umalize, tuendelee. Huo ni uongo, tena mnene. Nimeuweka mbele kwa sababu mwalimu wangu wa darasa la nne, ambalo ndilo nililoishia, alitufundisha kwamba barua ianze na jambo la kupendeza. Nimetafuta lingine la kupendeza nimekosa.

Jambo la kweli ni kwamba karatasi unazozisoma nimezichomoa katikati ya kaunta buku yako mpya, ile uliyoipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Nimechomoa nne. Usimsumbue mumeo Shija kwa maswali, mwizi ni mimi. Wewe na mama yako mko jikoni mnakaanga maandazi ya safari, mumeo amekwenda kuulizia basi la kesho la kwenda Runzewe, nami nimejifungia huku nikijidai natafuta kofia. Jua linazama na macho yangu nayo yanazama, kwa hiyo mwandiko ukianza kupanda mlima uufuate hivyo hivyo.

Sitakuambia ule vizuri, uamke mapema, uwaheshimu wakwe. Mama yako ameanza kukuambia hayo tangu siku ya harusi na bado hajafika katikati. Mimi nataka kujibu lile swali la jana.

Jana mchana mlikaa barazani, wewe na kaunta buku, Shija na simu. Mlikuwa mnagombana kwa sauti ya kanisani, kwa kuwa sisi wazee tulikuwa karibu tunajifanya tunachambua mchele. Yeye alikuwa anakuonyesha ile programu ya simu inayochora duara la rangi kama chapati iliyokatwa: hapa chakula, hapa kodi ya nyumba, hapa umeme. Akasema simu haisahau. Wewe ukasema simu huisha chaji, daftari haliishi. Akasema daftari hulowa. Ukasema simu huibiwa. Nilikuwa naona raha kama niko mpirani. Halafu ukanigeukia ukasema, "Baba, amua wewe."

Nikasema mtumie mbuzi, maana mbuzi jioni hurudi mwenyewe nyumbani ukamwona yupo. Shija alicheka. Wewe hukucheka, uliinuka ukaenda jikoni, na baadaye mama yako akaniambia ulikuwa unafuta macho kwa kitenge. Hapo nikajua nimefanya utani mahali pasipo utani. Mtu anayelia kwa ajili ya bajeti kabla hata hajanunua sufuria, ana jambo linalomsumbua zaidi ya bajeti. Unaogopa nyumba yako isije ikawa kama ile ya mwaka uliofaulu darasa la saba. Mwaka ule nyumba yetu iliingiwa na aibu, na wewe unadhani unajua aibu hiyo ililetwa na nani. Hujui. Ndiyo maana naandika.

Kwanza ujue chombo nilichokuwa natumia mimi. Kilikuwa mfuko wa suruali. Kule maduarani, nilipokuwa nachimba, tuliamini pesa ya dhahabu haihesabiwi siku unayoipata. Ukiihesabu mwamba unasikia, unajifunga. Kwa hiyo unapokea, unasokomeza mfukoni, unatumia kwa kupapasa. Mfuko ukiwa mnene, wewe tajiri. Ukilegea, unarudi shimoni. Usicheke sana, tulikuwa watu wazima wenye ndevu.

Mwaka uliozaliwa nilitoka Geita na mfuko mnene, nikanunua makochi mekundu, seti nzima, nikayapakia kwenye lori mpaka hapa. Hayakupita mlangoni. Nyumba ilikuwa ile ya nyasi, ya kuingia umeinama kama unamsalimia mkwe. Mama yako alikuwa amekupakata, akayazunguka mara moja akauliza yatakaa nje mpaka lini. Nikamjibu mpaka nijenge nyumba yenye mlango. Masika yote mbuzi wetu walikuwa ndio mbuzi pekee wilaya nzima waliolala kwenye makochi.

Baada ya hapo mama yako akaninyang'anya serikali, na alifanya vizuri.

Mama yako hajakaa darasani hata siku moja, unajua. Lakini alitengeneza bajeti ambayo sijaona afisa yeyote akiwa nayo. Pesa yenyewe aliiweka Segese kwa Mzee Mita, yule Mhindi wa duka la vitenge tuliyempa jina hilo kwa sababu mita yake ya mbao haikutoka mkononi hata akinywa chai. Wanawake wengi waliweka kwake. Nyumba ya nyasi ina adui wawili wa pesa, moto na mume. Mama yako akiuza mpunga au michembe ya viazi anampelekea, naye Mita anaandika kitabuni kwa herufi za kwao, ambazo Segese nzima alizisoma yeye na Mungu tu.

Basi mama yako akawa na kitabu chake. Ni yale makopo manne ya maziwa juu ya kabati la vyombo. La chakula lilikuwa na mahindi, la hospitali kunde, la mabati mbegu za maboga, na la ada yako njugu mawe. Punje moja, elfu moja. Akiweka pesa kwa Mita, anaongeza punje. Akitoa, anatoa. Kila kopo alilifunga kitambaa chake, na la kwako lilikuwa na kipande cha bluu cha sketi ya shule. Alinikalisha jioni moja akanieleza kopo kwa kopo. Mimi nilikuwa nimelala macho wazi, ufundi niliojifunza kanisani.

Sasa sikiliza dhambi yenyewe.

Ulikuwa darasa la saba, umebakiza wiki chache kufanya mtihani. Nilirudi kutoka duarani mchana, tangu jana yake sijala. Mama yako yuko sokoni, wewe uko shule. Sufuria zimefunikwa kifudifudi. Nikainua macho, nikaona kopo la njugu mawe. Nikasema moyoni, kumbe mwanamke huyu ananificha chakula.

Njugu mawe kavu si chakula cha mwenye pupa. Nilikaa mafigani saa tatu nzima. Mwizi wa kawaida huchukua akakimbia. Mimi niliiba nikiwa nimekaa kwenye kigoda, naongeza kuni, naonja chumvi, napiga mluzi. Nikala zote. Nikalamba chumvi vidoleni, nikaosha sufuria kama mtu mwema, na ndipo nilipokuwa narudisha kopo nikakiona kile kitambaa cha bluu. Sauti ya mama yako ikanirudia kichwani kama redio iliyopata mawimbi: "Hili la bluu ni la Kabula, usiliguse."

Nilikuwa nimekula kidato chako cha kwanza kwa chumvi.

Mtu mwenye akili angemsubiri mke wake mlangoni akamwambia, tukacheka, tukaenda kwa Mita kumwomba asome kitabu, ikaisha. Mimi nilitoka mbio kwa jirani nikanunua njugu. Zilikuwa ngapi mwanzo, sikujua. Nilichokumbuka ni kwamba zilifika kwenye pembe za yule ng'ombe aliyechorwa ubavuni mwa kopo. Za jirani zilikuwa ndogo ndogo, za shamba lililokosa mvua. Nikamimina mpaka kwenye pembe, nikatikisa, nikaongeza kidogo kwa ajili ya dhamiri. Njugu ndogo, kopo lile lile. Hata aliyeishia darasa la nne anapaswa kujua hapo kumetokea nini, lakini mimi nilikuwa na shibe.

Mvua zilipokaribia mama yako akazihesabu. Akakuta zimezidi, zimezidi sana. Akahesabu mara ya pili. Akasema labda kuna siku alipeleka pesa akasahau kwamba alishaweka punje, akaweka tena, lakini hapana, yeye hasahau, basi ni Mungu ameongeza. Nikasema amina.

Ndiyo, Kabula. Nilisema amina.

Kwa kuwa njugu zilisema ada ipo na chenji inabaki, akaenda kwa Mita akachukua pesa ya kumalizia mabati. Haya haya yanayopiga kelele mvua ikinyesha hata tusisikilizane. Ndiyo ada yako ile.

Januari tukaenda Segese watu watatu, yeye na kopo lake kwenye kikapu, wewe na barua ya shule, mimi na sanduku la bati kichwani. Yaliyotokea unayakumbuka, ila uliyatazama kutoka upande wa watoto. Mita alifungua kitabu akataja kilichobaki. Hakikufika hata nusu ya ada na godoro. Mama yako akamimina njugu juu ya meza ya vitambaa akazihesabu moja moja, wateja wamesimama. Alipomaliza, Mita akasema polepole, "Mama Kabula, wino wangu hauzai."

Mama yako akamjibu, "Basi wewe ni mwizi."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, na kesho yake Segese yote ilikuwa nayo. Mita akanitazama mimi. Nami nikatazama dari. Kulikuwa na buibui pale juu anafunga nzi, na mpaka leo ukinipa kalamu nitakuchorea miguu yake yote.

Ulikaa nyumbani muhula mzima. Tuliuza ng'ombe mmoja, ukaenda wenzako wakiwa wameshazoeana, ukapewa dawati la nyuma na jina la Mgeni, na jina hilo ukalibeba mpaka kidato cha nne. Ulinisimulia mwenyewe, unacheka, na mimi nikacheka na wewe kwa upande mmoja wa mdomo. Siku hiyo ukaongeza kwamba yote ni kwa sababu ya yule mzee mwizi wa vitenge. Nikasema nakwenda kutazama ndama. Hatukuwa na ndama.

Wiki moja baada ya aibu ile nilimfuata Mita mwenyewe dukani, nikasubiri wateja waishe, nikamwambia. Akaendelea kukunja kitambaa. Akasema, "Najua, Baba Kabula. Mtu ambaye hajala kitu hatazami dari." Nikamuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya watu. Akasema yeye kuitwa mwizi amezoea, ni gharama ya duka kama kodi, lakini mimi nina mke wa kurudi naye nyumbani. "Kamwambie," akasema. Nikamwahidi kesho.

Kesho hiyo sasa ina miaka kumi na miwili.

Mama yako naye, mwezi ule ule, alizimwaga njugu kwa kuku akaokota kokoto barabarani akajaza kopo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Kokoto haziliwi." Hakusema haziliwi na nani. Nimelala na sentensi hiyo, nimeamka nayo, nimekwenda nayo mnadani nikarudi nayo. Kama anajua, mbona hajasema? Kama hajui, mbona alinitazama tumboni? Tangu hapo hajaingia duka la Mita. Hata vitenge vya harusi yako alikwenda kununua Shinyanga mjini, na basi lilipita mbele ya mlango wa mzee yule, nami nilimwona anageuza uso upande wa pili. Sijui bado anamchukia au anamwonea haya. Ni vigumu kumsoma mtu kwa kisogo.

Na yale mashuka ya bluu ya zawadi ya harusi uliyoniuliza nani ameyaleta, nikakuambia ni rafiki yangu wa zamani asiyependa kelele: ni yeye. Ameyakata mwenyewe, mita yake ikitetemeka. Macho yamemwishia lakini duka bado anafungua.

Haya. Uliniambia niamue, naamua.

Nimeipindua habari ile kichwani miaka yote hii. Mita aliandika sawasawa. Mama yako alihesabu sawasawa, makosa yalikuwa ya tumbo langu. Watu wawili waaminifu, kila mmoja na kitabu chake, hakuna aliyeweza kusoma cha mwenzake, na katikati yao akapita mtu mwenye njaa. Mkienda Runzewe yeye na simu yake, wewe na daftari lako, mtakuwa Mita na mama yako. Siku hesabu zikikataa kulingana kila mmoja atakuwa na ushahidi, na hakuna ugomvi mbaya kama wa watu wawili wenye ushahidi.

Kwa hiyo kitu kimoja tu. Na ninasema iwe simu. Usinune. Kaunta buku yako ni nzuri, nimeilalia kidogo hapa, karatasi laini. Lakini nimekuona ukiipiga mistari kwa ile kalamu nyekundu, ulimi nje, na nimemwona Shija akikutazama kama mwanafunzi anayesubiri kurudishiwa mtihani. Fundi wa kuchomelea kama yeye anatoka alfajiri, ananunua vyuma huku na huku, anakula kwa mama ntilie. Daftari lenyewe liko nyumbani kabatini. Atarudi amechoka, utamsimamisha hapo na kalamu, uliza, uliza. Wiki ya tatu ataanza kutaja bei za kubuni ili akalale. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo wiki ya kwanza. Simu anayo mkononi palepale anaponunua, na wewe unaisoma vizuri kuliko yeye.

Ila umwambie iwe programu moja, kwenye simu yake na yako, na namba ya siri muijue wote wawili. Akikataa namba ya siri, nipigie, nitamletea makochi.

Na mweke kitu kimoja ambacho mama yako hakuwa nacho koponi. Shija alinionyesha jana kwamba kwenye ile chapati ya rangi mnaweza kuongeza kipande chochote mkakipa jina mnalotaka. Ongezeni kimoja mkiite Nimekula. Mtu akitumia pesa ya ada kwa soda, akikopesha rafiki akadhulumiwa, akinunua kiatu ambacho hakukihitaji, aandike hapo, na mwenzake asiulize chochote mpaka Jumamosi. Jumamosi mkae mkisome pamoja, na anayecheka kwanza ndiye apike. Mimi ningekuwa na mahali pa kuandika "nimekula njugu" bila kutazamwa usoni, ningeandika siku ile ile. Nilikosa pa kuandika, nikajaza kopo.

Nimekuanzishia tayari. Mkifika, andika la kwanza: karatasi nne za kaunta buku, zimeliwa na baba. Na karatasi zilizobaki ziwe za kuniandikia mimi. Simu yangu ina kioo kilichopasuka na siioni vizuri, na barua unaweza kuisoma mara mbili bila kuweka salio.

Sasa kuhusu wewe. Nilikukosesha muhula, nikakuacha umchukie mtu asiye na kosa. Sikuombi unisamehe leo, una mizigo ya kufunga. Uliza moyo wako ukiwa ndani ya basi. Njia ni ndefu.

Kitu ninachokuomba ni kidogo, na ni haki yangu. Ulipokuwa na miaka tisa ulicheza rede ukasahau ndama, wakaingia kwenye pamba ya mchungaji wakaipiga mstari mzima. Nilisema nilikuwa nachunga mimi, nikasinzia. Nikapalilia shamba la mtu wa Mungu siku mbili, na mkewe ananiletea maji huku ananihubiria juu ya uvivu. Jioni ulikuja ukanishika kidole ukasema, "Baba, siku moja na mimi nitakubebea."

Basi nibebee. Alhamisi nitakuwa mnadani tangu asubuhi. Saa nne mama yako huwa amemaliza kulisha kuku na bado hajaanza kupika, na moyo wake huwa laini kidogo. Mpigie. Mwambie habari ya kopo, ya ng'ombe mwenye pembe, ya ile amina. Usinitetee sana, atashtuka. Mwambie pia kwamba Mita anafunga duka saa kumi na moja, na kwamba kutoka hapa mpaka kwake ni mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya giza.

Mimi nitarudi jioni taratibu, nakohoa tangu njia panda ili ajue ni mimi. Nikikuta njugu mawe kwenye sahani, nitakaa nizile moja moja, kwa sauti, nikizihesabu.

Saa nne, mama. Usisahau.

Baba yako